Siku Iliyokatwa ya Mama Hansa

Barua ya ukaguzi ilipofika, Ramji fundi viatu aliisoma polepole, kidole chini ya kila mstari, kisha akaikunja na kuisukuma chini ya kopo la gundi, kama mtu anayemficha mkewe kitu. Na ndivyo ilivyokuwa. Mkewe alikuwa rafuni, juu kidogo ya kichwa chake, ndani ya kasha la chuma lisilozidi boksi la viatu vya mtoto.

"Nani kaleta hiyo?" akauliza Shanta.

"Watu wa taka."

"Siku hizi watu wa taka wana muhuri?"

Kasha lilikuwa na jicho moja la kioo, na Ramji mwenyewe ndiye aliyelielekeza mlangoni wiki ile alipomrudisha nyumbani, ili mama wa watu asichoke kutazama ukuta. Alitaka aone Barabara ya Nane na pilikapilika zake. Hakufikiri kwamba anayeona barabara huona na tarishi.

"Ni Idara ya Hifadhi," akakubali. "Wanakuja keshokutwa saa nne. Ukaguzi. Watakuuliza maswali mawili matatu, watakupa cheti cha utu, wataenda zao kunywa chai. Ndiyo kazi wanayoijua."

"Na nisipopata hicho cheti?"

"Utapata."

"Baba Hansa. Nimekuuliza."

Akakata uzi kwa meno. "Aliyepungukiwa wanamzima," akasema. "Lakini wewe hujapungukiwa."

Hayo ya mwisho yalimtoka haraka kuliko alivyotaka. Bahati yake Mama Shemdoe, muuza vitumbua wa upande wa pili wa barabara, aliingia saa hiyo hiyo akiwa na kubazi moja mguuni na jingine mkononi.

"Hodi humu. Shanta, mwambie mumeo kiatu hiki amekishona juzi tu."

"Amekishona juzi, na wewe umekiendesha kama mkokoteni," likajibu kasha. "Geuza soli. Umeona, Baba Hansa? Anakanyagia upande mmoja. Nilimwambia tangu nikiwa hai, kila asubuhi apunguze kitumbua kimoja, viatu vitadumu."

Mama Shemdoe akacheka mpaka akashika meza. "Huyu hata kufa hakujamtia adabu."

Ndivyo walivyokuwa wakisema wote: huyu ni Shanta mwenyewe, Shanta mtupu. Hapo Tanga hakuna aliyeshangaa tena kasha kusema. Mgonjwa akishakata tamaa, huvalishwa kofia ya nyaya siku tisa, akilala nayo na kuamka nayo, na mashine ikamchota kama maji kisimani. Mwili unakwenda kwenye moto au kaburini, kila mtu na dini yake, na aliyechotwa anarudi nyumbani ndani ya kasha, anakumbuka, anatania, ananuna. Kibati cha jua juu ya paa kinamlisha. Ramji aliwasikia majirani wakimsifu Shanta wake, na kila wakisifu alihisi kama mtu aliyevaa shati la kuazima, akingoja mwenyewe apite alitambue.

Mama Shemdoe akaondoka, akaliacha kubazi mezani.

"Kabla hao hawajaja," akasema Shanta, "niambie tena habari za bandeji."

"Bandeji ipi?"

"Ya mkono wa kushoto. Wiki zile za mwisho zote naiona. Naona nesi anaifungua, naona kidonda chenyewe, nasikia mpaka harufu yake. Lakini namna kilivyoanza ndiyo siioni."

"Uliungua mafuta. Nimekwambia mara ngapi?"

"Nilikuwa nakaanga nini?"

"Bajia."

"Bajia," akarudia taratibu. "Miaka thelathini na moja nakaanga bajia jikoni kwako, siku hiyo moja ndiyo nikamwagikiwa."

Ramji akachukua nyundo akaanza kugonga soli ya kubazi la Mama Shemdoe. Soli haikuhitaji kugongwa.

* * *

Kesho yake mchana akaja Maharaj Kantilal. Alikuwa mtu mfupi wa makamo, mwalimu wa kemia asubuhi na kuhani wa hekalu la Wahindu jioni, na viatu vyake vilikuwa vya mpira mtupu, kwa kuwa ngozi ya mnyama haivuki mlango wa hekalu. Baba yake Ramji, aliyeshika ngozi maisha yake yote, zamani hizo alikuwa akisikiliza ibada kutoka ngazi ya chini kabisa, nje, karibu na viatu vya wengine. Mambo hayo yalikwisha, lakini Ramji mpaka leo akimwona Maharaj alifuta mikono kwenye aproni mara mbili.

Alilifunika kasha kwa kitambaa. Shanta alishazoea, mchana hupenda kupumzishwa jicho na sikio. Ramji alibonyeza kitufe cha usingizi, akahakikisha taa imezimika, ndipo akasema.

"Maharaj, nina swali la watu waliosoma."

"Uliza, Ramjibhai. Kiatu kinabana hapa."

"Mtu akikatwa mguu, amepungua?"

"Mwili umepungua. Yeye hajapungua."

"Akisahau mambo?"

"Akili imepungua. Yeye hajapungua." Maharaj aliketi kwenye kigoda, uso umekunjuka, watoto wa kemia hawakumuuliza maswali kama haya. "Wazee wetu wa kale walimwona mtu kama upanga uliotiwa ndani ya ala tano, moja ndani ya nyingine. Ala ya nje ndiyo hii inayokula wali na kunenepa. Ndani yake kuna ala ya pumzi. Ndani ya hiyo kuna ala ya mawazo, na humo ndimo zinamokaa kumbukumbu zako, hasira zako, mapishi ya mama yako. Kisha ala ya utambuzi. Kisha ala ya furaha, ile unayoionja usingizini siku usiyoota. Sasa vua moja moja. Kila unayovua, jiulize, mimi ni hii? Utaona siyo. Kitakachobaki mwisho, kile kilichokaa kimya kikiangalia uvuaji wote huo, hicho ndicho tunakiita atma. Hakina mshono, fundi. Huwezi kukifumua."

"Kwa hiyo aliyekata kumbukumbu za mtu, hajamkata mtu."

Maharaj aliacha kuvuta kiatu. Akamtazama, kisha akatazama kile kitambaa kilichofunika kasha.

"Mimi nimesema habari za anayekatwa," akasema. "Za anayekata sijasema neno."

"Na humo ndani? Hiyo atma imo?"

"Sijui. Wazee hawakuona makasha." Akavaa kiatu chake, akaaga.

Ramji akashika ile nusu ya kwanza, ya anayekatwa; ya pili akaiacha iondoke na mwenyewe. Mwaka mzima alikuwa akijiambia maneno ya aina hiyo kwa lugha ya kazi yake. Fundi ana kalibu, ule mguu wa mti unaovalishwa ngozi ili kiatu kitoke na umbo. Kalibu ya mguu wa mtu ukiitazama utasema ndio mguu wenyewe: kidole gumba kile kile, kifundo kile kile. Lakini kalibu haitembei. Ukiichonga kidogo, nani kaumia? Shanta wa kasha ni kalibu, akajiambia, na Shanta wa kweli yuko huko kusiko na mshono, hakuguswa na mtu. Lilikuwa jambo zuri kuliamini. Shida yake ni kwamba ulikuwa ukiliamini vizuri zaidi kasha likiwa limelala.

Na yote hayo, kama ungemuuliza, waliyaanzisha wao, watu wa Idara. Nani aliyeweka lile sanduku kwenye fomu? Siku ya kumchukua Shanta, wakala wa Idara, kijana wa shati jeupe, alimpa karatasi ndefu yenye kichwa cha habari cha kupendeza. Walikuwa wameyasikia wapi sijui yale mambo ya ala tano, wakayageuza tabaka tano za huduma. Chini kabisa kulikuwa na mstari: *Je, kuna siku ambayo mpendwa wako asingependa kuibeba?* Na sanduku dogo la kutia tiki. Mtu aliyeishia darasa la nne, mkewe hajatimiza siku kumi na tatu tangu achomwe, unamwekea sanduku kama hilo mbele yake na kalamu juu. Hakuna aliyewalazimisha kuliweka.

Alitia tiki. Akaandika: *Jumanne ile.* Kijana akamsaidia tarehe.

Jumanne ile Shanta alikuwa amechelewa kurudi. Binti yao Hansa alikuwa ameolewa na Mshana, fundi friji mzaliwa wa Lushoto, bila ridhaa ya baba, na Ramji alikuwa ametangaza kwamba nyumba yao ya Pongwe haitakanyagwa na mtu wake. Shanta aliingia jikoni, akavua ushungi, akasema bila kuficha, "Nimembeba mjukuu wangu." Uso wake ulikuwa unang'aa. Ramji alikumbuka mng'ao huo kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ndio uliomchoma. Akamshika mkono. Mkono wa kushoto wa Shanta ulikuwa na bangili za kioo kumi na mbili, nyekundu na kijani, na Ramji alikuwa na kiganja cha kuvuta ngozi mbichi. Zikavunjika ndani ya nyama. Na kwa kuwa kwao bangili za mwanamke huvunjwa siku anayokufa mumewe, alisema neno ambalo mtu wa kabila lingine hata asingelifikiria. Alisema, "Basi jihesabu mjane."

Shanta alikuwa na kisukari. Kidonda hakikufunga. Baada ya wiki kumi na moja alikufa.

Hospitali nayo ilikuwa na lake. Walikaa kwenye benchi siku mbili, dawa haipo, daktari yuko semina. Ramji alilishika benchi hilo kama mtu anayezama anavyoshika ubao. Alilisimulia dukani, nje ya msikiti wa jirani, kwenye mkutano wa mtaa mbele ya diwani, kwamba serikali imemuua mke wake. Watu walitikisa vichwa. Wengi walikuwa na benchi lao.

Kitu kimoja kijana wa shati jeupe hakumwambia mpaka kazi imekwisha. Kisu cha mashine hakikati saa, hukata kutoka usingizi hadi usingizi, maana kumbukumbu hukaa sawa mtu akilala. Na kikishakata hufuata mizizi: kila wazo la baadaye lililorudi kwenye siku hiyo nalo huondoka. Ndiyo kusema Jumanne iliondoka na asubuhi yake. Iliondoka safari ya Pongwe, na mtoto, na uzito wake mikononi, na mazungumzo yote ya wiki kumi na moja juu ya mtoto huyo. Shanta wa kasha alijua ana binti aliyegombana na baba yake. Hakujua kwamba ni bibi.

Ramji angeweza kurudi kesho yake kudai kipande kilichokatwa kirudishwe. Alikaa siku nzima akiitazama risiti yenye namba ya kipande hicho. Kisha kasha likawashwa, Shanta akasema, "Baba Hansa, mbona umekonda hivyo?" kwa sauti isiyo na kinyongo hata chembe, sauti ambayo hakuisikia zile wiki kumi na moja. Akaikunja risiti akaitia kwenye boksi la misumari.

* * *

Mkaguzi aliitwa Bi. Semboja. Hakuwa na miaka thelathini, alivaa viatu vya Idara vilivyoachia gundi mbele, na kabla hajafungua kibao chake cha kioo aliamkia vizuri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Viatu hivyo vitakuaibisha barabarani."

"Ndivyo tunavyopewa." Akageukia rafu. "Na wewe, mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema Shanta. "Kaa hapo kwenye kigoda, hicho kingine kina msumari."

Bi. Semboja akasoma utaratibu kwa haraka, kama mtu aliyeusoma nyumba sita tangu asubuhi. Aliyechotwa akiwa mzima, anapewa cheti, naye kisheria ni mtu: ataamua mwenyewe akae wapi, na nani, awashwe au azimwe. Akiwa amekatwa kitu bila ridhaa yake, ana njia mbili, arudishiwe kilichokatwa au azimwe. Mlezi ataweka kiganja kwenye kibao na kuapa kwamba hakukatwa kitu. "Kwa sababu, baba, kusema kweli, wale mawakala wa zamani waliondoka na orodha. Vipande viko ghalani kwetu, lakini vina namba tu, majina hayapo. Walezi wakishaapa wote, vitachomwa. Mkoa huu vinachomwa leo jioni."

Ramji alitaka kucheka. Walikata wao, wakapoteza orodha wao, sasa anayeapishwa ni yeye. Na papo hapo akaona jinsi mlango ulivyo wazi: kiganja kimoja kwenye kioo, na jioni Jumanne ile itakuwa jivu.

Maswali yakaanza. Jina la mama yake Shanta, akalitaja. Mtaa aliozaliwa, akautaja, na jina la mbuzi wa jirani juu yake. Alipenda nini, alichukia nini, ndoa yake ilikuwa mwezi gani.

"Jina la mume wako?"

"Huyu hapa."

"Nahitaji jina, mama."

"Siwezi."

Bi. Semboja akagusa kioo. "Hulikumbuka?"

"Siwezi kulitaja."

Kibao kikalia mlio mdogo. Bi. Semboja akainua macho, na sauti yake ikawa ya kazi. "Baba, hapa inaandika pengo. Jina la mume ni jambo kubwa. Kuna kitu alikatwa?"

Hapo ndipo Ramji alipopata nafasi ya kuwa mtu mwenye haki, na aliirukia. "Huko Idara hamfundishwi watu?" akasema. "Kwetu mwanamke wa zamani hataji jina la mume wake. Hakulitaja siku ya harusi, hakulitaja hospitalini akiwa na homa. Mnakuja kupima utu wa mtu na hamjui desturi yake. Ndiyo kawaida yenu, mnaandika pengo mahali penye heshima."

"Samahani, baba. Kweli sikujua." Akafuta. Alikuwa na aibu ya kweli, na Ramji akaifurahia aibu hiyo kwa kuwa ilikuwa ya mtu mwingine. "Basi tumemaliza. Weka kiganja hapa."

Ramji akanyoosha mkono.

"Subiri," akasema Shanta. "Jina lake nalijua. Nisilolijua ni siku."

Mkono ukabaki hewani.

"Mwanangu, mimi nimekaa na fundi viatu miaka thelathini na moja. Najua mahali palipofumuliwa pakashonwa upya, hata wakipaka rangi juu. Kuna Jumatatu, nimelala. Kuna Jumatano, nimeamka na bandeji, na huyu ananiangalia kama mbwa aliyeiba. Katikati hapana kitu. Na wiki zinazofuata zina vitundu vitundu, kama ngozi iliyoliwa na mende. Nimevihesabu. Nina muda mwingi huku juu."

"Mama Hansa, uliungua—"

"Ngoja nimalize. Maharaj alikuwa akihubiri zile ala zake, mimi nikikaa nyuma na wanawake nikiona anapoteza muda wetu. Siku hizi naziwaza. Kama mimi ni hizi kumbukumbu tu, basi ile iliyokatwa ingeondoka pamoja na anayeikosa. Lakini mimi naikosa. Naona kabisa kwamba haipo. Sasa huyo anayeona ni nani?"

Bi. Semboja alitazama kibao chake, kisha akakilaza magotini. "Swali hilo halimo humu, mama."

Ramji alisimama na mkono wake. Usemi wote alioushika jana, wa upanga na ala na kitu kisicho na mshono, uligeuka ukamkabili. Alikuwa ameutumia ili aseme humo ndani hamna mtu wa kuumizwa, na sasa aliyemo humo ndani alikuwa ameufikia mwenyewe, kutoka upande wa pili, akitambaa kwenye giza alilolitia yeye. Hii haikuwa kalibu. Mwaka mzima mkewe alikuwa akikaa juu ya kichwa chake akilitazama tundu, akimuuliza kwa upole kila wiki, naye akimjibu bajia.

Joto likampanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Hakuna aliyekuwa amemshtaki. Laiti mtu angemshtaki angejua la kujibu.

"Baba," akasema Bi. Semboja. "Nakuuliza tena. Utaapa?"

Kama akiapa, atabaki naye. Sauti ile isiyo na kinyongo, Mama Shemdoe na vitumbua, miaka yote iliyobaki. Kama akikiri, Shanta atajua nani alimuua, na atakuwa na haki ya kuomba azimwe, na hakuna fundi wa kumrudisha.

Akaurudisha mkono. Akaenda kwenye boksi la misumari, akachakura, akajichoma kidole, akatoa ile risiti. Namba bado ilisomeka.

"Nilikata," akasema. "Siku moja. Mimi ndiye."

Bi. Semboja akaipokea kwa mikono miwili, akaingiza namba, akangoja. "Ipo," akasema. "Naweza kuirudisha sasa hivi kwa hewa, mama, ni dakika tano. Ukiridhia."

"Bado," akasema Shanta. "Mashine itanionyesha nilichokiona mimi. Kwanza nataka anisimulie yeye."

Bi. Semboja akainuka aondoke, Shanta akamwambia akae. "Wewe ni shahidi. Mume wangu hupenda kusema mbele ya watu."

Ramji akasimulia. Alianza na Hansa na yule fundi friji, jinsi hawakuja kuomba kwa adabu. Akasema juu ya joto la siku hiyo na umeme uliokatika. Akafika kwenye mkono, akasema zilivunjika, bangili zilivunjika, akapita haraka akaenda kwenye benchi. Kwenye benchi alitulia, sauti ikapata nguvu. Siku mbili, Mama Hansa, siku mbili, na sindano moja ya dawa ingetosha, daktari yuko semina anakula kuku, mganga mkuu hata kutoka nje hakutoka, na diwani nilimwambia usoni, na hawa wa Idara nao na masanduku yao ya tiki, nani aliwatuma. Alisema mpaka akaishiwa.

Taa ya kasha ilikuwa inawaka, ndogo, ya kijani. Haikucheza. Barabarani mtu alikuwa akipiga honi bila sababu.

"Mtoto ni wa kike au wa kiume?" akauliza Shanta.

"Wa kike."

"Anaitwaje?"

Mtoto alikuwa amefikisha mwaka na nusu. Pongwe ni mwendo wa nusu saa.

"Sijui," akasema.

"Nilimbeba?"

"Ulimbeba. Ulirudi unang'aa."

Bi. Semboja alichungulia kibao kuona kama kasha limelala. Halikulala.

"Sasa anza tena," akasema Shanta. Sauti yake haikuwa ya hasira, wala haikuwa ile ya mwaka huu. Ilikuwa ile ya wiki kumi na moja. "Mara hii usitaje hospitali. Wala diwani. Wala hawa."

Ramji akaketi chini, sakafuni, kati ya vipande vya ngozi. Akaitafuta hadithi ilipoanzia na akakuta kwamba bila watu wale wote ilikuwa fupi mno, sentensi tatu au nne, na kila moja ilikuwa inaanza na yeye.

"Nilikushika mkono," akasema.